Nilikubali mashimo ya jasi yaachwe wazi kijijini kwetu. Sasa sisaini tena

Wakuu, hamjambo. Wa Kitengela, wa Rongai, wa Kajiado yenyewe na nyinyi wa mbali, nawasalimu.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, niliishia form four, na haya ninayoandika niliyafanya mwenyewe. Sitajipendelea popote. Jina la kijiji na la kampuni nimeficha kwa sababu mambo bado ni moto.

Ukitoka Kitengela ukielekea Kajiado, kuna mahali unaacha lami unaingia vumbi. Unaenda mpaka uone migunga imekuwa myeupe kama imemwagiwa unga. Hapo umefika kwetu. Ni vumbi la jasi, ile gypsum wanaweka kwa simiti.

Kijiji ni kidogo. Kanisa moja la mabati, maduka mawili, na posho mill moja ambayo ikiharibika tunasahau ugali mpaka fundi atoke Noonkopir. Upande wa juu ni boma za Wamaasai, waliokuwa hapa kabla mtu yeyote hajajua chini kuna nini. Upande wa chini ni sisi Wakamba tuliokuja kuchimba tukabaki. Tunaoana, tunazikana, tunagombana juu ya mbuzi walioingia kwa mahindi.

Madereva wanaopita huwa wanauliza, "Hapa watu wanaishi aje?"

Tunaishi vizuri, asante. Shida yetu ni maji. Punda wanatoka na mitungi asubuhi, wanarudi mchana.

Na hayo maji ndiyo yaliniponza.

Nilianza kuchimba kwa sururu, baadaye nikawa karani wa kuandika malori, na nilipozeeka kijiji kikanichagua katibu wa kamati. Sababu ilikuwa moja: naweza kusoma Kiingereza.

Kampuni ilipomaliza upande wa mashariki, ilitakiwa kufukia mashimo. Mvua ilikuwa imenyesha, mashimo yamejaa mpaka juu, na ng'ombe walikuwa wanakunywa ukingoni. Afisa wa kampuni akaniletea karatasi. Ilisema kijiji kinapokea mashimo kama yalivyo na hakitadai yafukiwe.

Wakuu, hakuna mtu alinidanganya. Niliisoma yote, nikaielewa, nikajiona mjanja. Tumechimbiwa mabwawa ya bure!

Nikawaeleza wazee kwenye mkutano, wakafurahi. Mtu mmoja tu aliuliza swali. Ni Mama Naisula, jirani yangu wa upande wa juu, mjane mwenye ng'ombe wachache.

"Baba Mwende," akaniambia, "maji yakishuka, ng'ombe atayafuata aje huko chini? Ama utamjengea ngazi?"

Watu wakacheka. Nami nikamjibu, na jibu hili linaniuma hadi leo:

"Mama, mambo ya karatasi tuachie sisi tuliosoma."

Nikasaini.

Kiangazi kilichofuata, maji yalishuka mpaka chini kabisa. Kuta za yale mashimo ni wima, na ule udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Ng'ombe wa Mama Naisula walinusa maji wakateremka. Wanne wakakwama kwenye matope. Yeye alipojaribu kumvuta mmoja kwa kamba, ukingo ulibomoka akaenda nao. Tulimtoa akiwa hai, nyonga imevunjika. Ng'ombe wote wanne walifia pale tukiwaangalia.

Nilienda mbio ofisi ya kampuni kudai wafukie. Yule afisa akafungua faili, akaigeuza nione.

"Mzee, hii sahihi si yako?"

"Ni yangu."

"Basi."

Kwa muda mrefu nilikuwa nikienda kanisani kwa njia ya nyuma ili nisikutane na Mama Naisula na fimbo yake ya kutembelea. Hakuna aliyenitoa kwa ukatibu. Laiti wangenitoa.

Mwaka huu kampuni imerudi kwa kamati. Sasa inataka sehemu ya mteremko chini ya kanisa, mpaka karibu na nyumba zetu. Afisa ni yule yule. Alikuja kwangu asubuhi na karatasi na zawadi ya shuka mpya, akakaa, akanywa chai yangu.

"Mzee, wewe ni mtu anaelewa," akasema. "Hawa wengine ni kelele tu."

Nikasoma. Ile sentensi ya kupokea mashimo kama yalivyo ilikuwa humo, neno kwa neno.

Nikamwambia aniachie karatasi. Shuka nikamrudishia.

Jumapili baada ya ibada nilisimama nje ya kanisa mbele ya kijiji kizima. Nilisoma kwa Kiingereza, nikaeleza kwa Kiswahili, na Mzee Parsaloi, mwenyekiti wetu, akawaelezea wengine kwa Kimaa. Nilipofika kwa ile sentensi nikawaambia kwamba ilikuwa kwa karatasi ya kwanza pia, na kwamba siku ile niliijua maana yake.

Mama Naisula alikuwa amekalia jerikeni, fimbo magotini.

"Kwa hivyo ulijua hawatafukia?"

"Nilijua. Na wewe uliniuliza, nikakudharau mbele ya watu. Nisamehe."

Akainua fimbo, akaielekeza kwenye karatasi.

"Ya kusamehe utakuja tuongee kwangu. Hapa tuko kazini. Soma tena, na usikimbie."

Walinifanya niisome mara tatu. Mwishowe tukakubaliana: hakuna sahihi mpaka mashimo ya zamani yafukiwe yote, na karibu na nyumba hachimbi mtu.

(Kwake nilienda. Tuliyoongea yanabaki kati yetu.)

Msifikirie ni rahisi. Kampuni imewasimamisha vijana wetu waliokuwa wakipakia malori, mwanangu Mutua akiwemo. Alisimama mlangoni kwangu akasema, "Baba, ulisaini siku ya kukataa, leo unakataa siku ya kusaini." Tangu hapo haongei na mimi. Ana watoto wa kulisha, na mimi sina jibu linaloweza kuwekwa kwa sufuria. Lakini watoto hao hao ndio wangecheza ukingoni mwa mashimo mapya. Acha anichukie.

Wiki iliyopita afisa alisimamisha gari langoni kwangu, hakushuka.

"Katibu, ile karatasi iko wapi?"

"Iko kwa Mama Naisula."

Akacheka. "Huyo mama anajua kusoma?"

"Hajui. Ndiyo maana utaenda umsomee yote polepole, na umjibu kila swali atakalouliza."

Aligeuza gari hapo hapo. Kwa Mama Naisula hajafika mpaka leo.

Nilichojifunza si kikubwa. Mtu akiuliza swali kwenye mkutano, ajibiwe, hata kama hajawahi kushika kalamu, hata kama watu wanacheka. Ningejibu lile swali la ngazi, yule mama angekuwa anatembea vizuri.

Wenye mashimo kwenu, mlifanya nini mpaka yakafukiwa? Wanaojua sheria, karatasi niliyosaini inaweza kuvunjwa? Na wa kunitukana pia karibuni, nimeyataka mwenyewe.

Na kama kuna mtu wa kampuni anasoma hapa kimya kimya: hatuhami, na hatusaini. Leteni udongo kwanza.