Moyo wa Meme Foibe

Ndahafa alikuwa muuguzi msaidizi katika zahanati moja karibu na Okongo, kaskazini mwa Namibia, na alikuwa akisomea shahada ya uuguzi kwa elimu ya masafa. Mtandao ulishika penye tangi la maji tu, basi kila Jumamosi alipeleka kiti huko, akamsikiliza mwalimu aliyekuwa Windhoek. Sauti ikikatika, alisubiri. Iliporudi, somo lilikuwa limeshamwacha.

Mama mkwe wake, Meme Foibe, yaani Mama Foibe, hakuchoka kumtania. "Unasomea uuguzi kwenye simu? Basi na wagonjwa wako watibu kwa simu."

Kilichomsumbua Ndahafa zaidi ni moyo. Alikuwa amesikiliza mapigo yaliyorekodiwa mpaka akayakariri, lakini hakuwa na mtu wa kusimama kando yake amwambie hapa umepatia, hapa umekosea. Mtihani wa vitendo ulipokaribia, akamwomba mama mkwe awe mgonjwa wa mazoezi. Bibi huyo aligoma kwanza, kisha akajilaza mkekani.

"Haya, jifunze. Ila usinitekenye."

Ndahafa akaweka kipimo cha kusikilizia moyo kifuani. Katikati ya mapigo akasikia mvumo, kama upepo upitao kwenye mlango usiofunga vizuri. Akakihamisha, akakirudisha. Bado upo. Hakujua kama kosa ni la sikio lake au la moyo wenyewe, na aliona vibaya kumtia mama wa watu hofu bure. Lakini siku hizi bibi alikuwa akipumzika njiani akitoka shambani, akisingizia jua.

"Meme, nasikia kitu. Sina hakika nacho. Twende hospitali, daktari anisahihishe."

"Na ukiwa umekosea?"

"Nitakuwa nimejifunza."

Bibi akatafuta kitambaa chake cha kichwa.

Daktari alisikiliza, akaagiza vipimo, akathibitisha kwamba mlango mmoja wa moyo ulikuwa unavuja. Kisha akamwita Ndahafa, akamshika mkono na kumwonyesha mahali mvumo unaposikika vizuri zaidi. Ndahafa alitamani somo lile lisiishe.

Dawa zilimpa bibi nafuu. Mtihani Ndahafa aliufaulu. Jumapili moja akatoka kanisani akakuta akina mama wamejipanga kivulini wakimngojea, na Meme Foibe akiwapanga.

"Mkamwana wangu anahitaji mioyo ya kujifunzia," alikuwa akiwaambia. "Msiongee akisikiliza."