Siku Niliyolala Gesti Mwamapalala

Bado naiona asubuhi ile ya Mwamapalala, mwanangu, na leo nilipokuona hapa uwanjani ukijaribu begi lako jipya, yote yamenirudia. Usinicheke. Hata mimi niliwahi kubeba begi mgongoni nikazurura kwa raha zangu.

Mwaka ule pamba ilikuwa imenilipa vizuri. Nikawaambia watu naenda kutembea, nione nchi. "Kuna msiba?" Hapana. "Harusi?" Hapana. Walinishangaa kweli! Nikaanzia Mwamapalala, alikokuwa akiishi shangazi yangu Kabula, mjane, peke yake. Nilishamtumia salamu kwamba naja.

Nilifika jioni, nikaiona gesti pale senta: kitanda kipana, chandarua, maji ya moto ya kuoga. Nikajiambia, ya nini nikamsumbue mama wa watu, nikalale juu ya ngozi ya ng'ombe, wakati hela ninayo? Nikala mgahawani, nikalala gesti. Nilijiona muungwana kabisa.

Asubuhi nikaenda kwake na sukari na sabuni. "Mwangaluka, shangazi." Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, za watu mpaka za ng'ombe. Kisha akasema taratibu, "Masanja, jana nilikuchinjia kuku. Majirani walijua unakuja. Leo kisimani wameniuliza kwa nini mtoto wa kaka yangu ameogopa kula kwangu."

Unajua hapa kwetu neno hilo linafika wapi, likisemwa juu ya mwanamke mzee anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Wapo walioitwa wachawi wakafukuzwa vijijini kwao kwa maneno ya kisimani tu. Niliogopa, mwanangu, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikatua begi, nikamwomba yule kuku wa jana. "Haya, tukale ndani," akasema. Nikakataa katakata. Nikachukua kigoda mpaka nje kabisa, karibu na njia wanayopita watu na ndoo zao, nikala mchana kweupe. Nikaomba ugali tena. Kila aliyepita nilimwita, "Karibu! Shangazi yangu anajua kupika huyu!" Wanawake wawili wakasogea, wakanawa, wakala. Shangazi alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Nilikaa siku nne, na ile ngozi niliilalia vizuri tu. Neno lile sikulisikia tena mpaka tunamzika.

Basi wewe nenda. Hela yako umeitafuta kwa jasho, itumie. Kule Kalemela unakotaka kufika huna ndugu, chukua chumba kinachotazama ziwa, panda gari zuri, kula samaki ushibe. Mimi sioni kosa lolote. Ila palipo na mtu wako, begi litue kwake kwanza. Kula kwake, tena kula nje, watu wakuone. Ukitaka gesti baada ya hapo, muage, akuruhusu yeye kwa mdomo wake. Wewe utakuwa umeshaondoka, yeye ndiye anayebaki na majirani.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe miguu mizima na macho ya kuona, na kila nyumba utakayobisha hodi wakufungulie wakicheka. Na uanzie Mwamapalala. Binti wa Kabula naye ni mjane sasa, amerudi, anaishi peke yake palepale kwa marehemu mama yake. Nimeshamwambia unakuja, na kuku ameshamfunga kamba.