Kiti cha Ardith Colby

Ardith Colby aliwapikia watoto wa shule ya Tunmore kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi na minne kati ya hiyo alikuwa pia mwenyekiti wa mkutano wa mji. Kazi hii ya pili ilikuwa ya siku moja tu kwa mwaka: Jumanne ya kwanza ya Machi, theluji ya jimbo la Vermont, Marekani, inapoanza kugeuka tope na watu wa Tunmore wanapokusanyika ukumbini kujitawala. Waliamua barabara ipi itiwe kokoto, nani awe karani, kodi iwe kiasi gani. Meya hawakuwa naye. Halmashauri ya watu watatu ilitekeleza yaliyoamuliwa, na siku hiyo hata wao walikaa kwenye mabenchi kama wengine.

Mwenyekiti alichaguliwa upya kila mwaka, kabla ya jambo lingine lolote. Mara ya kwanza Ardith alichaguliwa kwa ajili ya sauti yake, iliyozoea kunyamazisha watoto wenye njaa. Mara zilizofuata alichaguliwa kwa sababu hakuna aliyejua yuko upande gani. Mwenyekiti huongoza, hachangii. Marehemu mumewe, Dwight, alikuwa akisema kwamba kila Machi, kwa siku moja, hujikuta ameoa mtu asiyemfahamu.

Mwaka huo wa kumi na nne, bunge la jimbo lilipitisha sheria kwamba shule ndogo ziunganishwe na za jirani. Tunmore ilikuwa na watoto thelathini na wanane. Shule ingefungwa, na jiko la Ardith pamoja nayo.

Aliyekasirika kuliko wote alikuwa shemeji yake, Royce Colby, mdogo wa Dwight, mfuga ng'ombe ambaye kila mwisho wa baridi aligema utomvu mtamu wa miti na kuuchemsha kuwa sukari. Royce alibisha hodi kila mlango. Watu wa kaunti wakamwambia kwao ni mahakama na polisi tu, mambo ya shule hayawahusu. Aliandika barua Washington, kwa serikali ya taifa, akajibiwa kwa adabu kwamba hilo ni la jimbo lake. Wakili mmoja akamweleza kwamba katiba ya taifa haitaji shule wala miji. Kisichotajwa humo kimebaki kwa majimbo na wananchi. Royce akaona hapo penye neno wananchi ndipo pake. Akaandika hoja: Mji wa Tunmore unaikataa sheria hii na hautaitii.

Ilipofika zamu ya hoja hiyo, ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wamesimama ukutani. Ardith aliisoma yote, bila kupandisha wala kushusha sauti. Kisha akasema kwamba Kiti, yaani yeye kama mwenyekiti, kimeona hoja hii haiko katika utaratibu, kwa kuwa mji hauna uwezo wa kutengua sheria ya jimbo.

Minong'ono ikaanza. Wote walijua nani angepoteza kazi.

Royce akasimama. "Bi Mwenyekiti, mji huu ulipewa hati yake kabla jimbo halijakuwepo. Babu zetu walikuwa wanakutana hapa wakati Vermont haina hata jina. Sasa tangu lini mtoto akamtuma mama yake kuteka maji?"

Watu wakacheka. Ardith akasubiri wamalize.

"Shemeji, umri si mamlaka," alisema. "Hata mkutano huu tunaufanya kwa sheria ya jimbo."

"Na jimbo lilipata wapi hiyo sheria? Si kwa watu? Basi watu ndio sisi."

"Sisi ni watu mia nne. Watu wa jimbo hili ni laki sita, na wao pia ni watu."

Royce alijikuna shingo. "Basi napinga uamuzi wa Kiti," akasema. "Nataka mkutano uamue."

Haki hiyo alikuwa nayo, na Ardith ndiye aliyekuwa akiwafundisha kila mwaka kwamba wanayo. Aliwaeleza jinsi ya kupiga kura hiyo: anayekubaliana na Kiti aseme ndiyo, asiyekubaliana aseme la. Sauti zilikaribiana, ikabidi wasimame wahesabiwe. Sabini na mmoja walikuwa upande wake. Tisini na saba walimpinga.

Ardith alitangaza hesabu kwa sauti ile ile, akaiweka hoja ya Royce mbele ya mkutano, akagawa zamu za kusema, na ilipopita akagonga nyundo na kutangaza kwamba imepita. Karani akaandika.

Wakati wa chakula, jirani yake Lucille Gagnon alimpakulia maharage ya kuoka na kumuuliza kwa nini hakugoma, hali alijua wamekosea.

"Kile kiti si changu, mwenzangu," Ardith akamjibu. "Mimi nimekikalia tu."

Hoja ilipelekwa makao makuu ya jimbo. Jibu lilirudi baada ya wiki tano, mistari mitatu, likisema barua imepokelewa na sheria iko pale pale. Mwezi wa Juni mwaka uliofuata shule ilifungwa. Ardith alipewa nafasi katika jiko la shule ya jirani akaikataa. Barabara ya kule iliganda barafu miezi minne, na yeye alikuwa na miaka sitini na moja.

Kiti nacho kilikuwa kimeshaondoka. Machi ya mwaka huo, kabla shule haijafungwa, mumewe Lucille, Marcel, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alipendekezwa kushindana na Ardith, akamshinda kwa kura tisa. Ardith alimkabidhi nyundo, akashuka, akaketi penye nafasi, ambayo ilikuwa kando ya Royce.

Hoja ya mwisho ilihusu jengo la shule. Ardith alinyoosha mkono. Alisema jiko libaki jiko, wazee wanaoishi peke yao wapikiwe humo mara mbili kwa wiki. Akaendelea na bomba, na sakafu, na mkaguzi mmoja wa zamani wa jiko hilo, mpaka Marcel akagonga nyundo na kumkumbusha, kwa aibu, kwamba muda wake umekwisha.

Royce akamwinamia. "Shemeji, miaka yote hiyo hayo yote yalikuwa yamejaa humo kifuani?"

"Na bado," Ardith akasema.

Hoja yake ilianguka. Mwaka uliofuata aliileta tena, fupi zaidi, ikapita.