Mfinyanzi Anayelinda Tuta la Bwawa Ndandalo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya mpunga ya Ndandalo. Tusekile Mwakyusa anashuka tuta la bwawa akiwa peku, jembe begani. Hatazami maji. Anatazama anapokanyaga.

Anapiga hatua, anasimama, anapapasa kwa unyayo, kisha anapiga nyingine.

"Pakavu panachoma kidogo, kwa sababu ya nyasi tulizofyeka," anasema. "Palipolowa panabembeleza. Hapo panapobembeleza ndipo naogopa."

Tusekile, 43, ni mlinzi wa bwawa la starehe la mfanyabiashara Hebroni Mwambene, kwa mshahara wa Sh15,000 kwa mwezi. Bwawa lenyewe dogo. Tuta lina urefu wa hatua tisini, na katikati kimo chake ni kama watu wawili waliobebana. Lakini chini yake, kando ya kijito, kuna nyumba kumi na moja. Moja ni ya wifi yake, Yunis, mwenye watoto watano.

Hebroni alilijenga mwaka 1994. Biashara zilipofunguliwa alikuwa akivusha vitenge na sukari pale mpakani Kasumulu, akafanikiwa. Akakodi katapila kwa siku nne, likasukuma udongo, kijito kikazibwa. Akaweka mitumbwi miwili, vibanda vya nyasi na jiko la kuchomea samaki. Mwisho wa wiki watu hutoka Kyela mjini, wengine ng'ambo Malawi, kuja kupunga upepo.

Tusekile aliajiriwa kufyeka nyasi. Bosi hakujua kwamba amemwajiri mfinyanzi.

Alizaliwa kwa Wakisi, watu wa ufinyanzi kando ya ziwa, jirani na Lyulilo, akafundishwa na mama yake kufinyanga vyungu. Ndoa ndiyo iliyomleta Ndandalo. Mumewe alifariki mwaka 1991, akamwachia mtoto mmoja, Noa.

"Udongo wa vyungu tulikuwa tunauonja," anasema huku akicheka. "Ukisikia mchanga kwenye meno, unatupa. Siku ya kwanza hapa nikaonja tuta. Nikasema, ndaga, pole zetu, hiki chungu kina mchanga."

Pale chini ya tuta palipokuwa na unyevu akafukia chungu mpaka shingoni. Maji yanayopenya kwenye tuta hukusanyika humo, naye kila asubuhi huyachota kwa kiganja. Yakiwa maangavu, ana amani, maana tuta linatoka jasho tu. Yakiwa na rangi, basi maji yanakula udongo kwa ndani.

Januari mwaka huu Hebroni alifunga wavu wa waya kwenye mfereji wa pembeni, ule unaopunguza maji bwawa likijaa. Mvua zilikuwa zinamtoroshea samaki wake hadi kijitoni.

"Tulikuwa tunamlia bosi magege yake bure," anasema Yunis. "Akija kulalamika, sisi tunamkaribisha mezani."

Lakini majani na matete yalijaa kwenye wavu, mfereji ukaziba. Mwishoni mwa Februari maji yalibakiza shubiri moja kufika juu ya tuta. Tusekile alimwomba bosi wake autoe wavu. Akakataliwa. Akaomba tena, akaambiwa afyeke nyasi.

Jumamosi ya kwanza ya Machi, maji ya kwenye chungu yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tusekile alikichimbua chungu kama kilivyo, akakitwika kichwani, akaenda kukiweka juu ya kaunta ya baa ya pale bwawani, katikati ya chupa za soda.

"Mama Noa, leo unauza togwa?" akatania mteja mmoja, Patrick, dereva wa lori.

"Ndiyo. Mnunulie bosi wangu."

"Toa hicho, unanichafulia kaunta," akasema Hebroni.

"Ni tuta lako hili, mzee. Juzi lilikuwa limesimama kule, leo limo humu."

"Pasaka ni wiki nne tu. Nikifungulia maji, unataka watu wapige kasia kwenye tope?"

"Kwenye tope wapige. Nisichotaka ni wapige kasia sebuleni kwa Yunis."

Patrick aliweka soda yake chini. Hebroni akachovya vidole viwili kwenye chungu, akavisugua, akatoka nje.

"Nilikasirika sana," Hebroni anakiri leo. "Mfanyakazi ananiaibisha mbele ya wateja. Lakini nilipogusa, nikakuta udongo wangu mwenyewe. Ule udongo niliulipia katapila."

Siku hiyo hiyo wavu ukatolewa, na koki ya bomba linalopita chini ya tuta ikafunguliwa. Ilichukua siku nne bwawa kushuka hadi nusu. Tusekile na vibarua wawili wakachimbua sehemu iliyolegea, wakaijaza udongo wa mfinyanzi ambao Tusekile aliuonja mwenyewe, tabaka kwa tabaka, wakishindilia kwa magogo. Mitumbwi sasa imekaa kwenye matope, na wateja wameshalibatiza bwawa jina la josho.

Tusekile hajali. Mvua kubwa za Aprili bado, na anasema mfereji ni mwembamba mno. Mpaka utanuliwe, Yunis amewapeleka watoto kwa bibi yao, mlimani.

"Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia panya," anasema Yunis. "Nimemwambia wifi, chimba, nataka wanangu warudi."

Tusekile anataka mfereji wenye upana wa hatua nane. Hebroni alitaka nne, kwa sababu ukizidi hapo unameza uwanja wake wa kuchezea dansi. Wamebishana wiki nzima. Jana mzee alifika sita, akapigilia kigingi mwenyewe, akaondoka kwenda Kasumulu kwenye mizigo yake.

Jua limeshapanda. Tusekile anakaza kanga kiunoni na kuanza kuchimba. Akifika kwenye kigingi anakizunguka kwa jembe, anakiacha kimesimama peke yake, kisha anaendelea upande wa pili.

Je, bosi akirudi?

"Atakuta saba," anasema bila kuinua kichwa. "Tutakaa, tuzungumze habari ya hatua ya nane."