Vilango Viwili vya Mjomba Jilo

Mama alinituma kijijini Ngao kwa sababu mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kwa imani yake mwalimu wa baiolojia anaweza kumshawishi hata kiboko apande mlima. Kaka yake, Mjomba Jilo, alikuwa ameambiwa na daktari kwamba kilango kimoja cha moyo wake kinavuja, aende Mombasa akapasuliwe wakati moyo ungali na nguvu. Mjomba akashukuru sana, akarudi shambani kwake.

Hola niliondoka asubuhi. Njiani nilimfanyia mazoezi ya somo langu mzee wa Kiorma niliyeketi naye ndani ya basi: mifereji ya mashamba ni mishipa, moyo ni pampu, Mungu ndiye injinia wa kwanza. Alinivumilia mpaka karibu na Garsen.

"Ng'ombe yangu pia iko na moyo, mwalimu," akasema. "Lakini haipigi kelele hivi."

Garsen nilipanda bodaboda, na kufika Ngao nilikuwa nimekula vumbi la kutosha chakula cha mchana. Mjomba nilimkuta ukingoni mwa mto, anamimina ndoo ya maji ndani ya pampu yake. Alimimina, akaketi kuhema, akamimina tena. Mkewe, Anti Mariamu, alisimama kando akimtazama yeye, si pampu.

"Shikamoo, Mjomba. Unainywesha?"

"Marahaba. Kilango cha mwisho wa mpira wa kuvutia maji kimelegea. Maji yakipanda, yanarudi mtoni. Kila asubuhi lazima niijaze ndiyo ivute."

"Basi endelea kuijaza."

Akaniangalia kwa huruma, jinsi watu wa shamba wanavyowaangalia waliosoma. "Huko ni kujidanganya, mwanangu. Injini inakimbia mara mbili kwa kazi ya mara moja. Itaungua. Dawa ni kufungua, kilango kibadilishwe."

Somo langu lote nililolibeba tangu Hola lilikuwa limeshafundishwa, tena na mgonjwa mwenyewe. Nikamwambia tu, "Daktari alisema maneno hayo hayo."

"Moyo si pampu," akafoka.

"Kweli," akasema Anti Mariamu. "Pampu ikifa tutanunua nyingine."

Mjomba akaweka ndoo chini. Aliingia kwenye migomba yake, akashinda huko mpaka jioni. Nilichukia ukaidi wake, na niliogopa.

Asubuhi ya mimi kurudi Hola alitokea amevaa shati la kanisani, mfuko mkononi. "Nakwenda Garsen, nanunua kilango," alitangaza, kana kwamba huvaliwa shati la kanisani kwenda duka la vipuri. Anti Mariamu akafuata bila kuuliza.

Dukani Garsen akapewa kilango, akakigeuza, akakipuliza, akakataa cha kwanza, akachukua cha pili. Kisha akamweka mkewe kando ya barabara na kumfundisha namna ya kukifunga: kaza hapa, usikaze sana, mpira usilale matopeni. Alieleza mara tatu. Nilipoona tiketi ya Mombasa ikichungulia mfukoni mwa shati, ndipo nilipoelewa kwamba anakwenda kupasuliwa. Nilijifunza kwamba mtengenezaji wa mashine na Muumba hutumia kilango kile kile, ila mmoja tu kati yao huweka vipuri Garsen.

"Kwa nini unanifundisha mimi?" Anti Mariamu akauliza. "Si utarudi ukifunge mwenyewe?"

Mjomba akamkabidhi kilango, akamkunjia vidole juu yake.

"Nisiporudi," akasema, "migomba ipate maji."