Mlio Masikioni mwa Fundi Lezama

Verna, mkuu wa bendi, aligonga mara moja pani mpya, ngoma ya chuma itokanayo na pipa. Akaigonga ya zamani. Vicheko uwanjani vikakatika.

"Anko Egbert," alisema, "hii umeitengeneza kwa sikio la nani?"

"Langu. Unalijua lingine?"

"Basi limepanda juu ya paa. Sikiliza!"

Egbert Lezama alisikiliza. Ndiye fundi wa pani hapa kilimani Laventille tangu vijana hawa hawajazaliwa. Pipa la mafuta likiingia uani kwake hutoka likiimba. Mashine ya kupimia sauti hakuitaka kamwe. Sasa alizisikia zote mbili, na kwake ile mpya ndiyo iliyokuwa sawa.

Alijua amelinganisha na nini. Ule mlio wa masikioni. Wiii, kutwa kucha, tangu wamzike mkewe Eunice. Alidhani ni majonzi. Nyumba ya mgane ina kelele zake. Alikaa nao mpaka ukawa noti ya muziki, nyundo ikaufuata bila yeye kujua.

"Sherehe za karnivali ziko mlangoni," Verna alisema polepole. "Nenda kwa daktari wa masikio. La sivyo, namwita fundi wa mji wa San Fernando."

San Fernando! Afadhali angemzaba kofi.

Daktari, binti mwenye miwani, alimchungulia masikio, akampima usikivu.

"Nta hakuna. Nyundo ndiyo imeyala, mzee. Miaka yote hukuziba?"

"Nikiziba nitaisikiaje kazi?"

"Na dawa gani unameza?"

"Aspirini tu. Magoti haya."

"Ngapi?"

Zamani Eunice ndiye aliyempa vidonge, na chai, kisha akaificha chupa. Sasa chupa inakaa mezani.

"Yakiuma namimina kiganjani."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mzee! Zikizidi, hizo huleta mlio masikioni. Na zingekutoboa tumbo!"

Egbert alipigwa na butwaa. Vidonge vile vyeupe, vinavyouzwa dukani kando ya peremende!

Akaambiwa aviache, magoti yatapata dawa nyingine. Akigonga, azibe masikio. Na asikae kimya kitupu: redio iwake chini chini, sikio lipate kingine cha kushika.

"Mlio wa vidonge utaondoka," daktari alisema. "Wa nyundo sina dawa ya kuuondoa. Utauzoea."

Akafanya hivyo. Mlio ukapungua. Haukwisha.

Alirudi kwa bendi na vizibo masikioni. Verna akaleta mashine, akaishika mbele ya macho yake. Egbert akagonga, akatazama mshale, akagonga tena. Hakuna aliyethubutu kumtania. Mshale ukasimama katikati.

Akatoa vizibo, akaigonga noti taratibu. Kwake ilikuwa imezama, mbovu kabisa. Mkono ukamwasha aipandishe.

"Iache, Anko. Iko sawa."

"Sawa hivi?"

"Hasa!"

Verna akaipiga, mwenzake akaidaka, mara uwanja mzima ukalipuka kwa wimbo. Hakuna aliyekunja uso.

Egbert alisimama kinywa wazi, nyundo mkononi. Kazi yake mwenyewe, nzuri, na yeye hakuusikia uzuri wake.

Akavitoa vizibo mfukoni, akavirudisha masikioni, akalivuta pipa lililofuata.

"Shika mashine yako vizuri, Verna," alisema. "Mkono unakutetemeka."