Furukombe Hali Vifaranga

Nakumbuka asubuhi moja kule kisiwani Rusinga, mwanangu, nilipotaka mti ukatwe kwa sababu ya kelele. Nilikuwa nikilinda vifaranga wa nyanyangu, ambaye sote tulimwita Dani. Kuku alikuwa ameangua tisa, na ndani ya wiki moja wakabaki wanne tu.

Juu ya mkuyu ulioinamia ziwa, furukombe alikuwa na kiota chenye makinda. Kila asubuhi anatupa kichwa nyuma, analia mpaka ng'ambo wanamsikia. Nikasema mwizi ndiye huyu, tena anajisifu! Nikamwita baba mdogo, naye, mpole wa watu, akaja na shoka. Alikuwa amepiga mara mbili Dani alipotoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mnamfukuza nani?"

"Mwizi wa vifaranga, Dani."

"Huyu mla samaki? Kwani vifaranga wangu wameanza kuogelea?"

Baba mdogo akacheka, akaweka shoka chini, mimi nikanuna. Dani akaniketisha kando ya kikapu cha vifaranga, akaniambia nifumbe macho. Nikasikia mluzi wa kutetemeka kutoka ufuoni.

"Huyo mwewe," akasema. "Anazunguka palipoanikwa dagaa wa omena."

Furukombe akalia tena, kule majini. Halafu, nyuma yangu kabisa, ikatoka sauti nyembamba ya haraka: ki-ki-ki! Nikageuka. Kipanga mdogo wa kijivu alikuwa kichakani, ametulia, anatazama kikapu.

"Na nani alileta kikapu hapa?" Dani akaniuliza.

Ni mimi, mwanangu. Niliwahurumia kwa jua, nikawatafutia kivuli kando ya kichaka, kumbe nawapeleka mezani kwa mwizi. Siku hiyo hiyo tukawahamishia mlangoni pa jikoni, tukawafunika kwa wavu mkuukuu. Wote wanne walikua, na makinda ya furukombe yakaruka.

Wewe una simu, unampiga picha kila ndege, na mimi nafurahi sana kuziona. Lakini sikiliza kwanza, halafu uangalie analia akiwa wapi: majini, ufuoni au kichakani. Na watu vilevile. Usimdhanie mtu ubaya kwa kuwa ana sauti kubwa. Kabla hujamlaumu, jiulize wewe mwenyewe ulifanya nini.

Mungu akupe masikio yenye subira, mwanangu. Na siku mtakapokwenda mbuga ya Ruma na wenzako, ukisikia mlio usioujua, akupe utulivu wa kukaa chini mpaka ndege amalize kusema.